Mkono Ukitetemeka, Akili Nayo Iulizwe

Ikiwa nyumbani kwako kuna mtu anayeugua Parkinson, yapo mazungumzo ambayo huenda mmekuwa mkiyakwepa. Mmeshazungumza kuhusu mkono unaotetemeka, hatua zilizofupika, dawa zinazoisha kabla ya mwezi kwisha. Lakini juzi mzee alisimama stejini Makongeni, Thika, asijue matatu ipi inarudi Landless, na njia hiyo ameipita miaka na miaka. Wiki iliyotangulia alimuuliza mama wale watoto waliokaa kwenye kochi ni wa nani, na kochini hapakuwa na mtu. Mama akanyamaza. Watoto wakatazamana, kisha kila mmoja akarudia chai yake.

Kimya hicho kina madhara unayoweza kuyataja kwa majina. Kwa sababu yake dawa isiyofaa huendelea kumezwa, maambukizi huachwa mpaka yakomae, ploti huuzwa na mtu asiyeelewa anachotia sahihi, na mke wa miaka mingi huitwa mzinzi mbele ya wanawe. Daktari hatibu asichoambiwa. Kwa hiyo chukua kusema wazi kuwa sehemu ya matibabu, sawa na kidonge cha asubuhi.

Watu wengi, hata baadhi ya wahudumu wa afya, bado wanaamini kwamba Parkinson ni ugonjwa wa mwili tu. Imani hiyo ni ya tangu mwanzo. James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1817, aliwaangalia watu sita, wengine akiwa amewaona barabarani tu, akaandika kwamba akili haiguswi. Leo tunajua inaguswa. Utafiti wa Sydney, Australia, uliowafuata wagonjwa kwa miaka 20, ulikuta kwamba kati ya waliokuwa hai bado mwishoni, asilimia 83 walikuwa na demensia. Tafiti za karibuni kutoka Marekani zimeleta picha yenye nafuu: katika kundi moja, baada ya miaka 10 waliokuwa wamefika huko hawakuzidi mtu mmoja kati ya kumi, na katika kundi jingine nusu walifika baada ya miaka 15. Anayeanza kuugua akiwa na umri mkubwa huwa hatarini zaidi. Kwa familia yako, hesabu hizo zinasema hivi: si lazima mgonjwa afike huko, na akifika kwa kawaida huwa ni baada ya miaka mingi, lakini ikitokea hakuna aliyemroga wala aliyekosea.

Kinachotokea ubongoni ni kwamba protini fulani hujikusanya ndani ya seli za neva na kuzilemaza. Vifundo hivyo huitwa kwa jina la Friedrich Lewy, aliyevieleza mwaka 1912. Vikiwa sehemu inayoongoza mwendo, mkono hutetemeka na mwili hukakamaa. Vikienea, fikra nazo huguswa. Daktari atakuuliza kilichotangulia, mwendo au fikra. Ikiwa fikra zilitangulia, au zilifuata ndani ya mwaka mmoja, ugonjwa huitwa jina jingine, demensia ya vifundo vya Lewy, na uangalizi wake una tahadhari zake. Kwa hiyo kumbuka miaka. Mkono ulianza lini? Hesabu zilianza kupotea lini?

Usitarajie dalili zitakuwa kusahau majina tu. Katika demensia ya Parkinson mara nyingi kumbukumbu ipo ila inachelewa kuja. Ukimpa mgonjwa kidokezo, anakumbuka. Kinachotangulia kuyumba ni umakini na mpangilio. Mama aliyekuwa akipika githeri, akifua na kumsimamia fundi kwa wakati mmoja sasa anasimama jikoni na mwiko mkononi asijue kinachofuata. Mzee anashindwa kukadiria kiti kilipo, anakaa hewani. Anarudishiwa chenji dukani na kuitazama kiganjani muda mrefu. Akiulizwa swali, jibu linakuja baada ya wewe kufika swali la tatu.

Jambo linalogombanisha familia kuliko yote ni kubadilikabadilika. Akili ya mgonjwa huwa kama stima ya mtaani: kuna saa inawaka vizuri, kuna saa inapotea, kisha inarudi bila taarifa. Asubuhi mzee anasimulia habari za mwaka 1974 bila kukwama. Saa nane mchana hajui yuko wapi. Binti anayekuja Jumapili kutoka Ruiru anamkuta katika saa nzuri na kumwambia mama yake, "Mbona Baba yuko sawa? Mama, wewe unakuza mambo." Mwana anayeishi naye anaona kinyume na kusema, "Anajifanya." Nawasihi muache neno hilo. Hakuna anayejifanya hapo. Kupanda na kushuka ni dalili yenyewe ya ugonjwa huu, na kila mtu katika ukoo aelezwe hivyo kabla lawama hazijaota mizizi.

Sasa, mazungumzo yenyewe. Anza na mgonjwa. Familia nyingi huanza na kila mtu isipokuwa yeye: wanakutana nje ya geti, wananong'ona kwenye simu, wanafanya kikao cha WhatsApp kisichomhusisha anayejadiliwa. Yeye huwa ameshaona. Mara nyingi alikuwa wa kwanza kuona, na amekuwa akificha kwa hofu ya kuitwa mwendawazimu.

Chagua saa ambayo dawa imemshika vizuri na mwili umelegea. Mkae wawili, redio na televisheni zikiwa zimezimwa. Anza na jambo moja dogo ambalo nyote mmeliona, umwachie nafasi ya kulimiliki: "Baba, siku hizi nimeona hesabu za kodi za wapangaji zinakuchosha. Wewe mwenyewe unaonaje?" Kisha ngoja. Ngoja kuliko unavyozoea. Parkinson hupunguza sauti na kuukaza uso, kwa hiyo mtu anaweza kuwa amechomwa moyoni na uso usionyeshe lolote. Usimjazie maneno. Usimtahini pia: kumuuliza mzee leo ni tarehe ngapi mbele ya wajukuu ni kumvua nguo.

Akikujibu kwa ukali, "Mimi si wazimu," usibishane. Mwambie, "Hakuna aliyesema hivyo, Baba. Ugonjwa uleule ulioshika mkono ndio unaogusa mawazo. Una jina, unaitwa demensia, na madaktari wanaujua." Neno hilo lisemwe angalau mara moja, kwa upole, bila kulizungukazunguka. Akikataa mazungumzo, yaache siku hiyo. Mlango haufungwi kwa jaribio moja.

Katika nyumba nyingi za huku kwetu si rahisi mtoto kumwambia baba yake habari za akili yake, na heshima hiyo sitaki uivunje. Mtafute mwenye nafasi ya kusema: mtu wa rika lake, ndugu yake, rafiki waliyefanya kazi pamoja, mzee wa kanisa anayemwamini. Mweleze kwanza ugonjwa ulivyo, usije ukamtuma mtu atakayefika na kumwambia mgonjwa apunguze mawazo tu.

Kuhusu kuona visivyokuwepo, uliza waziwazi. Wagonjwa wengi huona watoto, wanyama wadogo, au mtu amesimama kando ya mlango, na hawasemi mpaka waulizwe. "Mama, kuna wakati unaona watu ambao sisi hatuwaoni? Inawatokea wengi wenye Parkinson." Sentensi hiyo ya pili ndiyo inayomfungua mtu. Akikubali, usimwambie kwamba hakuna kitu, na usijifanye nawe unaona. Sema, "Mimi siwaoni, lakini najua wewe unawaona. Wanakusumbua?" Kama hawamsumbui, na anajua si watu wa kweli, huenda hata dawa isihitajike. Washa taa mapema jioni. Ondoa koti lililoning'inia mlangoni. Angalia miwani yake, na macho kama yana mtoto wa jicho. Mchungaji akija kuomba, mkaribishe, naye aambiwe kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo ili asije akaanza kukemea pepo mbele ya mgonjwa aliyekwisha kuogopa.

Jambo gumu zaidi, na ambalo sijaona likisemwa vya kutosha, ni tuhuma. Mzee wa miaka 75 anaanza kudai kwamba mkewe ana uhusiano na kijana wa boda, au na mpangaji wa chumba cha nyuma. Anadai kwa uhakika kabisa, kwa tarehe na saa. Au anasema mwanamke aliye nyumbani si mkewe, ni mwingine anayefanana naye. Mama anaona aibu kuwaambia watoto, na watoto wakisikia wanaitisha kikao cha wazee kusuluhisha ndoa. Msiitishe kikao hicho. Hizo ni dalili zinazojulikana za ugonjwa huu, na wakati mwingine huchochewa na dawa za Parkinson zenyewe, kwa hiyo mahali pake pa kwanza ni kwa daktari. Mama asijitetee kwa ushahidi, maana ushahidi hauponyi. Aseme, "Naona unaumia. Niko hapa," kisha ahamishe mazungumzo. Panga na visu viwekwe mbali bila kelele. Na watoto wamwambie mama yao, kwa maneno yanayosikika, kwamba wanamwamini.

Sasa hospitali. Iwe ni Thika Level 5, Ruiru Level 4, au umepewa rufaa kwenda Hospitali ya Kenyatta au ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, kiliniki ina foleni na daktari ana dakika chache. Akimwona mgonjwa anatetemeka, atatibu mtetemeko. Na hapa ndipo kimya kinapoumiza. Moja ya dawa za bei nafuu za kutetemeka ni benzheksoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Artane. Inaweza kuutuliza mkono, lakini kwa mtu mzee huvuruga kumbukumbu na kuleta maono. Mgonjwa ambaye hajasema kwamba anaona watu anaweza kuongezewa dawa inayowaleta, na kila mtu nyumbani akadhani ni ugonjwa unaokimbia.

Kwa hiyo nenda na karatasi. Upande mmoja andika dawa zote anazomeza pamoja na saa zake, zikiwemo zile za duka la dawa la mtaani na za mitishamba. Upande wa pili andika mambo matatu au manne yaliyobadilika na mwezi yalipoanza. Njiani, kabla hamjafika, mwombe ruhusa: "Baba, nitamweleza daktari kuhusu wale watoto unaowaona. Ungependa useme wewe, au niseme mimi?" Akikataa kabisa jambo hilo lisitajwe, mpe nesi karatasi kabla ya kuingia, lakini ruhusa iliyoombwa mara nyingi hutolewa. Msistuke mzee akiambiwa achore saa na mishale yake. Ni kipimo cha kweli, na kwa ugonjwa huu huonyesha mengi.

Zungumza kuhusu dawa kwa majina. Muulize daktari kama benzheksoli inaweza kupunguzwa polepole. Muulize kuhusu rivastigmini, dawa iliyoidhinishwa kwa demensia ya Parkinson. Haiponyi, ila huwasaidia baadhi ya watu kuwa makini zaidi. Mwambie pia ukweli kuhusu mfuko wako, ili asikuandikie dawa utakayoinunua mwezi mmoja tu. Kama maono yanatisha, zipo dawa chache zinazoweza kutumika kwa kipimo kidogo, kama kwetiapini. Lakini haloperidoli, ambayo hospitali nyingi huitumia kumtuliza mtu aliyechanganyikiwa, inaweza kumgandisha mgonjwa wa Parkinson na kumweka hatarini. Plasil ya kuzuia kutapika nayo haimfai. Piriton ya mafua, inayouzwa kila duka la dawa, humwongezea mzee usingizi na kuchanganyikiwa. Jifunze sentensi moja na uiseme kwa kila mhudumu, hata usiku wa manane, hata ukiitwa msumbufu: "Mgonjwa huyu ana Parkinson. Dawa hii haitamdhuru?"

Na usiache levodopa, dawa kuu ya Parkinson, ghafla, kwa sababu yoyote ile, bila daktari. Siku ya kiliniki beba dozi ya safarini pamoja na maji, maana msongamano wa Thika Road haujali saa ya kidonge. Kinamezwa nusu saa au zaidi kabla ya chakula, kwa kuwa nyama, maziwa na maharagwe mengi hukizuia kuingia vizuri mwilini. Upupu nao una levodopa ya asili. Kama kuna anayempa mgonjwa unga wake, daktari ajue, la sivyo atakuwa anahesabu dozi nusu.

Kuna tofauti moja ambayo kila mtu nyumbani, hata mjukuu wa darasa la nane, anapaswa kuijua. Demensia huja kwa miezi na miaka. Mtu aliyekuwa sawa Jumatatu, kisha Jumatano hamjui mkewe, ana kitu kingine juu yake: maambukizi ya njia ya mkojo, kichomi, malaria baada ya safari, upungufu wa maji, choo kilichofunga siku nyingi, dawa mpya, au kichwa kilichogonga sakafu bila mtu kuona. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na maneno ya kuanzia ni haya: "Juzi hakuwa hivi." Usikubali kurudishwa kwa kuambiwa ni uzee. Wengi hurudi walivyokuwa, au karibu na hapo, chanzo kikitibiwa.

Majirani. Landless na Ruiru ni mahali pa ploti na wapangaji. Watu wanahamia na kuhama, na si kila mtu anamjua mzee. Muulize mgonjwa ni nani angependa waelezwe. Mwenye duka, vijana wa steji ya boda, mwangalizi wa ploti na jirani wa mkono wa kulia kwa kawaida wanatosha. "Mzee ana ugonjwa wa Parkinson, unamchanganya wakati mwingine. Ukimwona anatembea peke yake kuelekea Garissa Road, zungumza naye taratibu na unipigie." Wape namba. Watu wakielezwa, wengi husaidia. Wasipoelezwa, hujieleza wenyewe. Tumeona maelezo hayo yanavyoweza kuua: mwaka 2008 wazee walichomwa Kisii kwa kuitwa wachawi, na mwaka 2021 huko Marani, Kisii, wanawake wazee wakauawa tena. Mzee anayezungumza na asiyeonekana, anayetangatanga usiku, yuko hatarini pasipo jina la ugonjwa.

Mali zizungumzwe mapema, mgonjwa akiwa kwenye kiti cha mbele. Kuwa na demensia hakumnyang'anyi mtu haki ya kuamua siku hiyohiyo. Anaweza kushindwa na mkataba wa ploti na bado akajua vizuri anataka nani arithi nini. Lakini Sheria ya Urithi ya Kenya inataka anayeandika wosia awe na akili timamu, na wosia ulioandikwa kwa kuchelewa huzaa kesi. Nendeni kwa wakili mapema, na mwombeni daktari barua ya tarehe ileile inayosema mgonjwa alielewa alichofanya. Hati ya uwakilishi mnayompa mtoto mmoja huenda isiwe na nguvu baada ya akili ya mwenyewe kudhoofika. Ikifika hapo, njia ni mahakama kuteua msimamizi chini ya Sheria ya Afya ya Akili. Mfanye mambo haya mbele ya watoto wote. Hati ya ardhi iliyohamishwa kimyakimya na mmoja, hata kwa nia njema, huvunja ukoo. Kuhusu M-Pesa, kubalianeni kiasi kidogo kibaki kwenye laini yake na kingine kihamishwe, maana matapeli wa simu huwawinda wazee. Asinyang'anywe simu. Mtu aliyelipa karo za watoto sita ana haki ya kununua gazeti lake mwenyewe.

Wajukuu waambiwe kwa maneno machache: Guka, babu yako, ni mgonjwa kwenye ubongo, akikuita jina la baba yako mwitikie tu. Watoto hulielewa jambo hili haraka kuliko wazazi wao.

Na wewe unayeuguza, ambaye mara nyingi ni mke au binti mkubwa, hali yako nayo isemwe. Usiku mgonjwa anapiga kelele na kurusha mateke akiigiza ndoto zake, hujalala miezi. Usiwaambie ndugu zako, "Nisaidieni." Waambie, "Njoo Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, ulale hapa, nami nilale kwa dada." "Wewe lipa dawa ya saa nne." "Wewe mpeleke kiliniki ya Machi." Ombi lenye siku na kazi ni gumu kukwepa. Nairobi kuna Alzheimer's and Dementia Organisation Kenya, inayowakutanisha wanaouguza watu wenye demensia, na Africa Parkinson's Disease Foundation kwa upande wa Parkinson. Ukikaa na mwanamke mwingine aliyeitwa mzinzi na mume wake wa miaka 50, utapumua.

Limebaki swali ambalo wengi huliacha mpaka mgonjwa hawezi tena kulijibu. Muulize sasa, katika saa yake nzuri: ukifika wakati huwezi kujihudumia, ungependa kukaa hapa Landless au kwa nani? Ukishindwa kumeza, ungependa mpira wa kulishia au la? Ukizidiwa usiku, tukukimbize hospitali kila mara, au kuna hali ambayo ungependa tubaki nawe nyumbani? Nani akusemee? Andika majibu yake kwa maneno yake, weka tarehe, atie sahihi kama mkono unaruhusu, na kila mtoto apewe nakala.